Paipu ya Presha Ikitoboka Usiifunge na Raba ya Tyubu: Rada Kwa Wasee wa Kuosha Ndai

Pita base yoyote ya kuosha ndai Nairobi na hukosi kuona paipu imefungwa bandeji: raba ya tyubu imezungushwa mara kumi, juu yake waya. Wasee huona wameokoa doh. Lakini hapo ndipo pabaya kuliko pote kwa hiyo base.

Maji yakitoka kwa tundu dogo na presha ya juu, yanaweza kupenya ngozi kama sindano. Kidonda chenyewe utakicheka, ni kama umechomwa na mwiba. Ndani sasa, maji yameingia na sabuni na uchafu wote, na kidole kinaweza kuoza. Kwa hivyo usipapase paipu na mkono ukitafuta mahali inavuja. Zima mashine kwanza. Na msee akipigwa hivyo, si wa kupakwa spiriti arudi kazi. Mkimbize hosi saa hiyo hiyo, hata kama haumwi, na daktari aambiwe wazi ni maji ya presha, juu mara nyingi hiyo ni ya kupasuliwa isafishwe.

Sasa, kununua. Mtaani kuna mashine za aina mbili na watu huchanganya paipu zake. Kuna ile pampu ya pistoni tatu inayozungushwa na mkanda, sawa na ya wakulima wa kupiga dawa. Hiyo hufanya kazi kwa bar 20 hadi 45 hivi, na paipu yake ni ya plastiki yenye nyuzi ndani, milimita 8.5, ya kupimiwa kwa mita. Halafu kuna zile ndogo za stima, za kubeba na mkono. Usizidharau. Nyingi hupiga bar 100 hadi 150, na za petroli kubwa hupita 200. Ukiivalisha hiyo paipu ya dawa itafura kama puto. Mashine ya kazi ya kila siku inataka paipu ya raba yenye waya wa chuma ndani.

Soma maandishi kwa paipu yenyewe. WP ni presha ya kufanyia kazi, na lazima ifike ama ipite ya mashine yako. BP ni presha ya kupasuka, na muuzaji mjanja atakutajia hiyo juu ni kubwa. Ikiwa imeandikwa psi, bar moja ni psi 14.5, so mashine ya bar 150 inataka kama psi 2,200 kwenda juu. Beba paipu ya zamani ukienda duka: nati za M22 hufanana nje, lakini kuna za pini ya milimita 14 na za 15, na ukikosea zitavuja hata ukaze aje. Urefu, mita 10 hadi 15 zinatosha. Ndefu na nyembamba inakula presha.

Kutunza si kazi ngumu. Madere wasiikanyage, isikunjwe, isilale juani. Jioni zima mashine, funga maji, finya bunduki mpaka presha iishe, ndio uiviringe kwa duara kubwa. Ikidondoka kwenye maungio, kabla ulaumu paipu badilisha ile ringi ndogo ya raba. Ni ya bei ya chai.

Lakini ikifura, waya ukionekana ama ivuje katikati, imeisha. Ikiwa imeharibika karibu na kichwa, fundi wa paipu za haidroliki, na Industrial Area wako, atakata hiyo sehemu na kubana kichwa kipya kwa mashine. Klipu ya bisibisi usimkubalie. Kwa bar 150, hiyo kitu huchomoka na paipu inaanza kuchapa watu kama nyoka.