Nani aliua mieleka vyuoni Marekani? (UZI)

1. Kila mjadala wa theluthi mbili ukianza hapa Kenya, lazima mtu aseme: "Mkiwaongezea wanawake nafasi, mnawanyang'anya wanaume." Mimi nasomea sayansi ya siasa, na hoja hii nimeikuta mahali sikutarajia: historia ya mieleka ya vyuo vya Marekani. Kaeni kitako.

2. Tarehe 23 Juni 1972 sheria ya Title IX ilitiwa saini. Kwa ufupi: taasisi ya elimu inayopokea pesa za serikali kuu isimbague mtu kwa jinsia. Maneno yake hayakutaja hata michezo. Lakini wakati huo wasichana wanamichezo katika shule za upili hawakufika 300,000. Wavulana? Zaidi ya milioni 3.6.

3. Mwaka 1979 serikali ikaeleza njia tatu za kutii. Moja: nafasi za wanamichezo zikaribiane na uwiano wa wanafunzi. Mbili: uonyeshe umekuwa ukiwaongezea walioachwa nyuma. Tatu: uthibitishe hamu na uwezo wao umetoshelezwa. Ukipita njia moja tu, uko sawa.

4. Sasa hesabu. Tuseme chuo kina wanafunzi nusu kwa nusu, na wanamichezo 100 wa kiume, 100 wa kike. Kinataka timu ya mieleka ya wanaume 30. Ghafla ni 130 kwa 100. Ukitaka mizani irudi, uongeze wanawake 30, au ukate wanaume 30 kwingine. Kuongeza kunagharimu. Kukata ni bure.

5. Mnajua vyuo vingi vilichagua nini. Timu za mieleka katika NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, zilikuwa 363 msimu wa 1981–82. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 230 hivi. Vijana waliojituma tangu utotoni waliambiwa timu imefungwa. Uchungu wao ulikuwa wa kweli, tusiudharau.

6. Lakini ngoja kidogo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibana Title IX hivi kwamba kwa sehemu kubwa haikugusa michezo, hadi bunge liliporekebisha mambo mwaka 1988. Kama sheria ndiyo iliua mieleka, timu zingepumua miaka hiyo minne. Wapi! Ziliendelea kufungwa tu.

7. Pesa zilikuwa wapi basi? Angalia futiboli ya Kimarekani. Kwa miaka mingi timu moja ya daraja la juu iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo kwa wachezaji 85. Mieleka? 9.9. Yaani hata kumi haifiki. Mwenye 85 haguswi, mwenye 9.9 anafungiwa, halafu anaambiwa akamlaumu msichana anayeogelea.

8. Mwaka 2002 chama cha makocha wa mieleka kilishtaki Wizara ya Elimu. Kesi ikatupwa 2003, rufaa ikashindwa 2004, na 2005 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Kiini cha majaji: hata sheria ikibadilishwa, hakuna hakika vyuo vitarudisha timu. Uamuzi wa kukata ulikuwa wa vyuo vyenyewe.

9. Hapa ndipo stori inageuka. Mieleka ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 2004, Athens. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Iowa, ngome ya mieleka, kilifuta michezo minne, ukiwemo uogeleaji wa wanawake. Waogeleaji wakashtaki kwa Title IX. Timu yao ikarudi, na 2021 chuo kikatangaza kuanzisha mieleka ya wanawake.

10. Januari 2025 NCAA ikaidhinisha ubingwa rasmi wa mieleka ya wanawake, kuanzia 2026. Leo chuo kidogo kinachotaka mieleka huweza kuanzisha timu mbili pamoja: ukumbi mmoja, mikeka ile ile. Yule aliyeitwa mwizi wa nafasi ndiye anayeurudisha mchezo.

11. Na sisi tumefaidika. Vyuo vinavyohitaji wanamichezo wa kike hutoa ufadhili, na mabinti wetu wanajua kukimbia. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, kisha akaletea Kenya fedha ya mita 10,000 London 2012.

12. Turudi nyumbani. Kifungu cha 81(b) cha Katiba ya 2010 kinasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kwenye mabunge ya kaunti tuliongeza viti maalum. Hakuna mwanamume aliyechaguliwa akapokonywa kiti. Bunge la kitaifa lilipewa hadi 27 Agosti 2015. Mpaka Jaji Mkuu akashauri livunjwe mwaka 2020. Hadi leo, kimya.

13. Kuna anayesema viti vya ziada ni mzigo kwa mlipa kodi. Hiyo ni hoja halali, tuijadili kwa hesabu mezani. Lakini "wanawake wanatunyang'anya" si hesabu. Ukisikia hivyo, uliza swali moja tu: nani ameshika bajeti, na ni nani ambaye hakuguswa?

Mwisho wa uzi. Ukipinga, njoo na namba. 🙏🏾