Ruhusa ya Kwenda Busia

Usiku kabla sijaondoka, shosho aliniuliza swali moja tu: "Na ruhusa umepewa na nani?"

Nilidhani ananitania. Nduthi ilikuwa mlangoni, cheni nimeipaka oili, tairi ya nyuma mpya, begi limefungwa kwa mpira kwenye karia. Nikamwambia, "Shosho, naenda Busia tu. Si ng'ambo." Akanyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Niko kwenye stage ya boda hapa Waithaka mwaka wa nne sasa. Siku mbaya naendesha kilomita 60, siku nzuri 120, na zote ni za kuzunguka papo hapo: Kawangware, Uthiru, Mutuini, Dagoretti sokoni, Kikuyu mteja akilipa vizuri. Ukizijumlisha, nimeshafika Cairo na kurudi mara kadhaa. Lakini hadi Agosti 2023, sikuwa nimewahi kuvuka Limuru kwa pikipiki.

Pikipiki yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya jamaa aliyenifundisha kuendesha, mtu wa Busia, ambaye stage nzima tulimwita Mwalimu. Mapema mwaka huo aligongwa na gari, mguu ukavunjika mahali pawili, akarudi kwao kupona. Aliniachia mashine niifanyie kazi, nami kila Jumamosi nikimtumia hesabu yake kwa simu. Kisha akapiga: mguu umepona vya kutosha, anataka mashine yake aanze kazi hukohuko nyumbani. Ningeweza kuipakia kwenye lori. Niliamua kuipeleka mwenyewe.

Vitabu vya safari ndefu za pikipiki Afrika huanza mbali na kwetu. Desemba 1934, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther iliyofungwa kiti cha pembeni na trela nyuma. Walivuka Sahara, na mwaka uliofuata wakaingia Cape Town. Ni safari ya kuvuliwa kofia. Ila miaka hiyohiyo hapa Kenya, mwanamume yeyote Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa abebe kipande. Sheria ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kuanzia 1919. Karatasi yenye jina lako, alama za vidole na mwajiri wako ilikaa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mgeni aliweza kulikata bara zima kwa magurudumu matatu, na mwenyeji hangeweza kuacha kazi na kutoka shamba la mzungu bila kikebe hicho kusainiwa.

Niliondoka saa kumi na nusu alfajiri. Nilikuwa nimepanga magazeti mawili kifuani chini ya jaketi, maana baridi ya Limuru haina huruma na gazeti huzuia upepo kuliko sweta. Nikatokea Uthiru, nikashika Waiyaki Way kuelekea juu.

Hiyo njia ni kongwe kuliko Nairobi yenyewe. Oktoba 1890, Frederick Lugard alijenga boma Dagoretti, jirani yetu kabisa, baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Alitaka chakula. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilihitaji kununua maharagwe, mahindi na viazi vitamu kwa Wakikuyu kabla ya kuteremka bondeni, kwa kuwa mbele kulikuwa na siku nyingi za njaa. Kwa hiyo huku kwetu ndiko watu walikokuwa wakijiandalia safari ndefu. Maelewano hayakudumu. Boma likaachwa, lingine likajengwa Kabete, likaitwa Fort Smith, na 1892 Waiyaki akakamatwa na kupelekwa upande wa pwani. Alifia njiani, Kibwezi. Barabara yenye jina lake ndiyo tunayopitia kila siku tukipigia matatu honi, na mwenye jina aliondolewa kwao akiwa mfungwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1890, kulikuwa na njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa, ikapita Kikuyu, ikaenda hadi Busia. Ilikuwa na urefu wa kama kilomita 970, na iliitwa kwa majina ya Mackinnon na Sclater. Yaani mtu wa kwetu angeweza kwenda Busia kabla mji wa Nairobi haujazaliwa. Angeenda vipi? Akiwa na mzigo wa kilo 30 kichwani, nyuma ya mtu mwenye bunduki.

Nilifika ukingoni mwa bonde kukipambazuka. Ukungu ulikuwa umelala chini kama maziwa kwenye bakuli, na Longonot imechomoza juu yake. Nikateremka njia ya zamani ya Mai Mahiu, gia ya pili, malori yakinguruma mbele na nyuma, harufu ya breki zilizoungua ikiingia hadi kwenye helmeti. Njia hii ilijengwa na wafungwa wa Kiitaliano waliotekwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 walijenga pia kanisa dogo kando yake, bado lipo. Nilisimama hapo kupumzisha injini. Watu walioijenga barabara hii hawakuwa na ruhusa ya kuitumia kurudi kwao.

Bonde lililo chini ni Kedong. Novemba 1895, msafara wa zaidi ya watu 1,000, wengi wao vijana wa Kikuyu na wengine Waswahili, ulikuwa ukirudi kutoka Ravine ulikopeleka chakula. Wakagombana na Wamaasai, na wapagazi zaidi ya 600 wakauawa. Uchunguzi wa serikali yenyewe ulisema msafara ndio uliochokoza. Nikiwa shuleni nilisoma Kedong kwa mstari mmoja. Nikiwa pale, na jasho limenikauka mgongoni, niliwaza kwamba wengi wa vijana wale walikuwa wametoka vilima vilevile nilivyotoka mimi saa mbili zilizopita. Kwa baadhi yao, bila shaka ilikuwa safari yao ya kwanza ya mbali.

Kuna jambo lingine la kuchekesha kuhusu bonde hili. Wakati huo hii ilikuwa Uganda. Mkoa wa mashariki wa Uganda ulianzia pande za Naivasha hadi ulipohamishiwa upande wa Kenya Aprili 1902. Ndiyo maana reli iliyofika Kisumu 1901 iliitwa Reli ya Uganda. Ilipofika ziwani, ilikuwa imefika Uganda kweli. Ningekuwa nimeondoka Waithaka miaka michache mapema, kufikia saa mbili asubuhi ningekuwa nimeshavuka boda.

Nilikunywa chai Naivasha, chapati mbili na maharagwe. Naivasha ndipo nilipoanza kulielewa swali la shosho, na pia kwa nini Mwalimu hapendi kupitia mji huu.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara hii ilikatwa vipandevipande. Vijana walipanga mawe na matairi yanayowaka, wakasimamisha magari, wakadai vitambulisho. Hawakuangalia picha. Waliangalia jina. Kwingine jina la Kikuyu lilikuuza. Kiambaa, karibu na Eldoret, watu wakachomwa ndani ya kanisa siku ya mwaka mpya. Hapa Naivasha, mwisho wa mwezi, ilikuwa kinyume: wengi waliouawa walikuwa watu wa asili ya magharibi, na waliowaua walizungumza lugha ya shosho wangu. Ripoti ya tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchini 1,133.

Mwalimu wakati huo alikuwa kijana wa mkokoteni Waithaka. Hakuweza kwenda kwao, kwa sababu njia ya kwao ilipita hapa. Alilala jikoni kwa shosho usiku tisa. Shosho alichukua kitambulisho chake, akakifunga kwenye kitambaa, akakifukia ndani ya gunia la makaa. Aliyekuja kuuliza aliambiwa huyu ni mtu wa kuchota maji, bubu. Kisa hiki nilikisikia kwa Mwalimu. Shosho hajawahi kukitaja.

Na shosho alijua kuficha karatasi, kwa sababu alilelewa na karatasi. Alikuwa msichana wakati wa Hali ya Hatari. Enzi hizo Waithaka haikuwa Nairobi. Ilikuwa wilaya ya Kiambu, ikaingizwa jijini 1963. Kuanzia 1954 serikali iliwahamisha Wakikuyu, zaidi ya milioni 1, hadi vijiji zaidi ya 800 vyenye handaki na miti iliyochongwa, homgadi mlangoni. Kutoka kwenda shambani kulikuwa na saa zake. Kwenda kijiji cha pili kumwona dada yake kulihitaji kikaratasi chenye sahihi, na mwenye kusaini angeweza kukataa, au kukuambia urudi kesho, au kutaka kitu. Shosho aliwahi kukosa mazishi ya dada huyo kwa sababu ya kikaratasi. Kwa hiyo alipouliza ni nani aliyenipa ruhusa, hakuwa akitania hata kidogo. Katika maisha yake, safari ilianza na swali hilo.

Kutoka Nakuru nikapanda Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, nikashika mkono wa kushoto kuelekea Kericho. Upande huu mwendesha boda haendeshi, anaomba. Trela likikupita, upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Nilijifunza kulaza kifua kwenye tenki na kubana magoti.

Kisha nikafika makutano ya Londiani. Juni 30, 2023, wiki chache tu kabla ya safari yangu, lori lilipoteza mwelekeo hapa likaingia kwenye stage na soko. Walikufa watu zaidi ya 50: abiria, mama mboga, watu wa boda waliokuwa wakingoja wateja. Nilizima injini, nikavua helmeti. Vijana wa stage walikuwa wamerudi kazini, wamekaa juu ya nduthi zao kama tunavyokaa Waithaka, miguu juu ya tenki, wakibishana mpira. Mmoja akaniuliza, "Umetoka wapi na hiyo?" Nikasema Waithaka. Akashangaa: "Na cc 150?" Wakaniitia chai. Hawakuniuliza jina.

Kericho kulikuwa na mvua. Ahero kulikuwa na jua la kuchoma. Maseno nikaivuka ikweta bila kuiona, macho yakiwa kwenye mashimo ya barabara. Mahali fulani baada ya hapo, askari mmoja alinisimamisha kwenye kizuizi. Moyo ukaruka. Akaangalia leseni, akaangalia bima, akazunguka nyuma kuona namba, akanirudishia karatasi. "Taa yako ya nyuma ina matope, kijana. Pangusa." Basi.

Busia niliingia saa kumi na moja jioni, mgongo umekuwa ubao. Kabla ya kwenda kwa Mwalimu nilienda kwanza kuuona mpaka. Hapa ndipo kazi yangu ilipopata jina lake. Tangu miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, sehemu ya katikati ambayo gari lisilo na karatasi za kuvuka halikuruhusiwa kupita. Walipaza sauti, "Boda! Boda!" Ilikuwa ahadi ya kukutoa boda moja hadi nyingine. Tangu 2018 kuna kituo cha pamoja, unagongewa mihuri yote upande mmoja, lakini bado niliona baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma.

Kutoka baiskeli hadi nduthi kulihitaji karatasi moja zaidi. Bajeti ya 2008 iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikamiminika, na vijana wasio na kazi wakapata kazi. Mwaka ulioanza kwa vijana kufunga barabara na kusoma majina ya watu ndio mwaka huohuo vijana walipoanza kumudu chombo cha kuwapeleka popote. Sisemi pikipiki ilituponya. Mguu wa Mwalimu na makaburi ya Londiani yanakataa maneno hayo. Nasema tu kwamba kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Waithaka anaweza kuamka, kujaza tenki na kwenda, bila mzigo wa mtu kichwani wala kikebe shingoni.

Mwalimu alinipokea akichechemea. Hakunikumbatia, aliinama kwanza kuangalia cheni. "Umeitunza," akasema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Naivasha ulipita salama?" Nikamwambia nilikunywa chai. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Nilirudi kwa basi la usiku. Shosho nilimkuta jikoni, nikampa samaki waliotumwa na Mwalimu. Akaniuliza nilisimamishwa mara ngapi. Nikamwambia mara moja. Alitaka kujua askari alisema nini kuhusu jina langu.

"Hakusema kitu. Aliniambia nipanguse taa."

Akawageuza wale samaki, akawatazama vizuri. "Nami nitaenda kumwona," akasema. "Siyo na hiyo nduthi yenu lakini. Nitafutie basi la mchana."