Kuurudisha Mfupa wa Taya

Mfupa unaoshika mizizi ya meno huishi kwa ajili ya meno. Kila tonge linalotafunwa huukandamiza, na mkandamizo huo huuchochea ujijenge upya. Jino likishang'olewa, mfupa hukosa kazi na mwili huanza kuula. Utafiti wa Schropp na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba pengo la jino la nyuma hupoteza karibu nusu ya upana wa ukingo wake katika miezi 12, na theluthi mbili ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayazuii jambo hilo. Mwaka 1972 Antje Tallgren alieleza hali ya watu waliovaa meno hayo kwa hadi miaka 25: upande wa mbele, taya la chini lilikuwa limepungua takriban mara nne zaidi ya la juu.

Wazo la kuziba pengo la mfupa kwa mfupa ni la kale kuliko tiba ya meno ya leo. Kitabu cha Job van Meekeren, mpasuaji wa Amsterdam, kilichotoka mwaka 1668, kinasimulia habari za askari wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa kipande cha fuvu la mbwa. Kanisa lilimtenga, naye akaomba kipande kitolewe. Haikuwezekana, kwa maana kilikwisha kushikana. Kati ya 1879 na 1880, William Macewen wa Glasgow alimjengea mtoto mfupa wa mkono kwa vipande vya mifupa ya miguu ya wagonjwa wengine.

Taya lenyewe lilipata zamu yake vitani. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, askari aliyechungulia nje ya handaki alitoa kichwa kwanza, na hospitali zikajaa vijana waliovunjwavunjwa nyuso. Huko Sidcup, Uingereza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1917 chini ya Harold Gillies iliwakutanisha wapasuaji na madaktari wa meno juu ya mgonjwa mmoja, na mfupa wa nyonga, wa ubavu au wa goko ukahamishiwa tayani. Dawa za antibiotiki hazikuwapo bado, na kinywa hakina usafi. Vipandikizi vingi viliharibika. Mwaka 1944 Rainsford Mowlem alieleza faida ya vipande vidogo vya mfupa laini wa ndani ya nyonga, ambavyo hupata damu haraka kuliko gogo zima la mfupa mgumu.

Kwa nini kipandikizi hushika? Marshall Urist wa Los Angeles alitoa jibu kubwa mwaka 1965: mfupa uliokwisha kuondolewa madini, hata ukipandwa ndani ya msuli, huita seli za mwili zijenge mfupa mpya. Kinachoita ni protini. Kipandikizi, basi, si lipu ya kuziba tundu. Ni kiunzi cha muda, ambacho mwili hukibomoa huku ukijenga mfupa wake mahali pale.

Mwaka huohuo wa 1965, huko Gothenburg, Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia Gösta Larsson mizizi ya titani tayani. Alikuwa amegundua kwa bahati, katika majaribio ya sungura, kwamba mfupa huishika titani isibanduke. Larsson alifariki mwaka 2006, mizizi hiyo ikiwa bado inafanya kazi. Lakini mzizi wa titani huhitaji mfupa wa kuuzunguka, na wagonjwa waliokaa miaka mingi bila meno hawakuwa nao. Ndipo kupandikiza mfupa kukawa hatua ya kwanza ya kurudisha jino.

Kwa magego ya juu kikwazo kilikuwa uwazi wa hewa ulio juu yake. Mwaka 1980 Philip Boyne na Robert James walieleza jinsi ya kuinua utando wake na kujaza mfupa wa nyonga chini. Mwaka 1988 Christer Dahlin na wenzake walionyesha, kwa panya, kwamba utando uliowekwa kati ya nyama na pengo la mfupa huzuia nyama hiyo isitangulie kulijaza, na mfupa ukapata nafasi.

Siku hizi hutumika pia mfupa wa marehemu uliotolewa kwa hiari, mfupa wa ng'ombe uliosafishwa ukabaki madini tu, na chumvi za kalsiamu za maabara. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha mojawapo ya protini za Urist, iliyotengenezwa maabara, kwa kazi hii. Hata hivyo, vyote bado hupimwa kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu huo ndio pekee unaofika na kiunzi, protini na seli hai kwa pamoja.