Safari Kubwa na Mkono wa Gia

Gari 30 hivi. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Kampuni ya Ferrari ya Italia ilipotengeneza gari lake liitwalo 599 GTB Fiorano, kuanzia mwaka 2006 hadi 2012, iliwauzia wateja maelfu, lakini yale yenye klachi ya kukanyaga na mkono wa gia wa kusukuma yalikuwa 30 tu au karibu na hapo, dunia nzima. Leo hii mwenye moja kati ya hayo ana mali ambayo mnadani inapigiwa bei zaidi ya mara mbili ya gari lile lile lisilo na klachi. Bodi ni ile ile, injini ile ile, hata viti ni vile vile. Kilichozidi ni chuma kimoja chenye kirungu kichwani, na pedali ya tatu.

Mimi gari sina, na sitaki msomaji adhani najigamba. Ninachomiliki ni madaftari manne ya riwaya ambayo nimekuwa nikiiandika tangu nimalize kidato cha nne. Ndani yake yumo kijana wa Temeke aliyezamia meli mpaka Italia, akapata kibarua cha kuosha magari ya mzee mmoja tajiri wa Milano. Mzee huyo nilimpa gari la aina hii. Siku niliyomsomea mjomba wangu sura ya tatu, alinikatiza kabla sijafika nusu.

"Mpwa wangu, tajiri gani huyo anakanyaga klachi? Mtu akipata hela, kitu cha kwanza anaachana na klachi!"

Mjomba ni dereva wa daladala, na goti lake la kushoto ni shahidi. Kwa mji wetu yeye yuko sahihi kabisa. Angalia mikoko inayoshushwa bandarini kutoka Japani, zile IST na Vitz: karibu zote ni otomatiki. Gia za mkono tumewaachia madereva wa daladala, malori na pikapu za mkaa. Basi swali lake likanikaa kichwani. Imekuwaje kitu cha mtu anayetafuta riziki kikageuka kuwa johari ya mtu mwenye fedha za kuchezea? Nikaacha riwaya kwa muda, nikaanza kusoma historia.

Tuanze na jina. Zile herufi GT zinasimamia maneno ya Kiitaliano, gran turismo, na sisi wenye lugha yetu tunaweza kusema bila kujiumauma: safari kubwa. Asili yake ni ya zamani kuliko injini. Katika karne ya 17 na ya 18, vijana wa mabwanyenye wa Uingereza walikuwa wakimaliza masomo wanatumwa safari ndefu, Paris, kisha kuvuka milima ya Alps, kisha Venice, Florence na Roma, wakatazame sanamu na majumba na kujifunza tabia za watu (na wengi walijifunza kamari, lakini hayo tuyaache). Gari la GT lilizaliwa na ndoto hiyo hiyo: watu wawili, mizigo yao, injini yenye nguvu mbele, na barabara ndefu. Si gari la mashindano, ingawa linaweza kushindana. Si gari la familia pia.

Wataalamu wengi wanaitaja Lancia Aurelia B20 GT ya mwaka 1951 kuwa ndiyo iliyoweka sura ya gari la namna hii. Mwaka huo huo iliingia katika mbio za Mille Miglia, yaani maili elfu moja za barabara za kawaida za Italia, ikamaliza ya pili nyuma ya Ferrari yenye injini kubwa zaidi ya mara mbili. Gia zake zilibadilishwa kwa mkono uliokaa kwenye shingo ya usukani, na giaboksi yenyewe ilikuwa nyuma, karibu na magurudumu, ili uzito ugawanyike. Wakati ule hakuna aliyesema "gari la gia za mkono". Ungesemaje? Ni kama kusema "maji ya kunywa yenye maji".

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana wako wasomaji ambao hawajawahi kushika usukani. Injini ina ukanda wake wa mwendo ambao ndani yake inavuta vizuri. Ikizunguka polepole mno inakohoa na kuzima, ikizunguka kasi mno inaumia. Gia ndizo zinazopatanisha mwendo wa injini na mwendo wa magurudumu, na klachi ndiyo inayowatenganisha wawili hao kwa nukta moja ili gia ibadilishwe. Zamani dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kila anapobadili, na akikosea meno yanasagana mpaka mtaa mzima wageuke. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ikaleta giaboksi yenye pete za kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajaumana. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi, lakini bado ilikuwa kazi ya mwili: mguu wa kushoto, mkono, na sikio.

Sikio ndilo kubwa. Mjomba haangalii saa ya injini hata siku moja, anasikiliza. Na waulize madereva wanaoshuka mlima Kitonga, kule Iringa, na shehena ya mbolea. Pale hushuki kwa breki, unashuka kwa gia ndogo, injini ikilishika gari mkia. Anayeingia mteremko ule na gia kubwa akitegemea breki ataziunguza. Barabara za Alps zilikuwa na somo hilo hilo kwa matajiri wa B20.

Sasa mkono wa gia uliuawa na nani? Jibu la haraka ni uvivu. Lakini aliyeanza hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa mhandisi Mwingereza, John Barnard, aliyeajiriwa na Ferrari kubuni gari la mbio za Formula 1. Barnard alitaka gari jembamba, na ule mkono wa gia pamoja na vyuma vyake vilikuwa vinamlia nafasi. Akauondoa. Badala yake akaweka vibao viwili nyuma ya usukani. Dereva anavuta kwa kidole, mafuta yenye shinikizo yanafanya kazi iliyokuwa ya mkono. Katika majaribio kitu hicho kilikuwa kinaharibika kila mara. Tarehe 26 Machi 1989, kwenye mbio za Brazil mjini Rio de Janeiro, dereva Nigel Mansell alikuwa na uhakika gari litakufa njiani hivi kwamba alishapanga ndege ya kuondoka mapema. Likashinda! Ilikuwa mara ya kwanza kabisa gari la namna hiyo kuingia mashindanoni.

Kutoka hapo ilikuwa suala la muda tu. Mwaka 1997 Ferrari waliweka vibao kwenye gari la barabarani, F355. Ukitaka kuona jinsi mkono wa gia ulivyokufa, fuata magari yao ya safari kubwa yenye silinda 12 mbele na viti viwili, moja baada ya jingine. 550 Maranello ya mwaka 1996 ilikuja na gia sita za mkono tu, hukuwa na chaguo. Ikafuata 575M ya mwaka 2002, mteja akaambiwa achague: kati ya gari 2,056 zilizotengenezwa, 246 tu ndizo zilizochaguliwa mkono. Ikafuata 599, tumeshasema, 30. Mwaka 2012 ikaja F12berlinetta, na hapo mkono haukuwemo tena hata kwa kuomba.

Zitazame tena hesabu hizo. Hakuna serikali iliyopiga marufuku. Kiwanda nacho hakikumlazimisha mtu kwa 575M wala 599. Wateja wenyewe, mmoja mmoja, waliweka tiki kwenye kisanduku cha vibao. Na sababu walikuwa nazo: vibao vya 599 vilibadili gia kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na hakuna mkono wa binadamu unaofika hapo. Foleni za London ni foleni kama za Ubungo. Nani ataka kukanyaga klachi saa mbili nzima?

Miaka ikapita, na wale wale, au watoto wao, wakaanza kutafuta kile walichokikataa. Kwa sababu kasi ilishakuwa ya bure. Kila gari lina kasi siku hizi. Mashine iliyokuwa bora mwaka 2006 leo inapitwa na otomatiki ya kawaida, na pampu zake na vyuma vyake vya kusukuma klachi vinawatia wenyewe hasara. Mkono wa gia haukuahidi kasi, kwa hiyo hauna cha kupitwa.

Soko lilipoamka, mafundi nao wakaamka. Zipo gereji Ulaya na Marekani zinazong'oa vibao na kupandikiza klachi ya mguu. Aston Martin wenyewe, walioiuza Vanquish ya mwaka 2001 bila mkono wa gia, baadaye waliwapa wateja huduma ya kuwekewa huo mkono kiwandani. Kisha mwaka 2023 wakatangaza gari liitwalo Valour, silinda 12, gia sita za mkono, gari 110 tu kwa sababu kampuni ilikuwa inatimiza miaka 110. Mimi naona kuna tofauti kubwa hapa. Zile 30 za Ferrari ziliadimika kwa sababu watu hawakuzitaka. Hizi 110 zimeadimishwa kwa makusudi ili zitakwe. Mwandishi wa riwaya hawezi kuwapa wenye magari hayo mawili moyo mmoja.

Na huyo mwenye gari, anaishi nalo vipi? Kwanza analijua kwa ubaridi. Giaboksi za Ferrari za zamani zina sifa moja: asubuhi gia ya pili inagoma mpaka oili ipate moto, kwa hiyo mwenye gari huiruka, anatoka ya kwanza kwenda ya tatu, taratibu, bila kulazimisha. Pili, gari likikaa linaharibika. Betri inakufa, sili za mpira zinakauka, na zile taiming belti za 550 na 575 zinazeeka hata kama injini haijawashwa, lazima zibadilishwe kila baada ya miaka michache. Lakini likitembea, kila kilometa inapunguza bei. Mtu alilipia gari zaidi ya mara mbili kwa ajili ya kubadilisha gia, na ile bei ndiyo inayomkataza kuzibadilisha! Mzee wangu wa Milano nimemwandika upya kutokana na hilo. Kila Jumapili anashuka gereji, anakaa kitini bila kuwasha, anakanyaga klachi na kupitisha gia zote sita, kisha anafunga mlango na kumpa kijana wa Temeke kitambaa afute.

Nikamsomea mjomba sura mpya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hilo gari limetembea kiasi gani. Nikamwambia mengi ya aina hiyo yanapouzwa yanakuwa na kilometa elfu chache tu, tangu yatoke kiwandani.

"Kwa miaka yote hiyo?" akasema. "Hizo mimi nazimaliza mwezi mmoja, na abiria wamesimama." Halafu akanyamaza kidogo, akauliza kwa upole kweli, kama mtu anayemuulizia mgonjwa: "Na ile gia ya pili, hawajajaribu kubadilisha oili?"