Mgema na Bahari: Historia ya Bia Chungu ya Bara Hindi

Glasi ya Pliny the Elder, bia inayopikwa na kiwanda cha Russian River huko California, humfikia mnywaji kwanza kwa puani. Mdomo haujagusa ukingo, na tayari imepanda harufu ya utomvu wa msonobari na ya ganda la balungi lililomenywa wakati uo huo. Funda la kwanza huonyesha utamu mchache wa kimea cha shayiri. Kisha uchungu hutanda juu ya ulimi, hukaza mashavu, na hauondoki hata baada ya funda kumezwa. Nyuma ya uchungu huo kuna kileo cha asilimia 8, ambacho hujificha vizuri hadi mnywaji anapotaka kusimama.

Bia ya namna hii huitwa India Pale Ale, au IPA kwa ufupi, na hii kali zaidi huongezewa sifa ya kuwa maradufu. Aghalabu glasi yake hufuatana na kisa. Husimuliwa kwamba Waingereza waliokuwa Bara Hindi walikosa bia nzuri, kwa kuwa kila iliyopelekwa iliharibika njiani kwa joto. Ndipo akatokea mpika bia mmoja wa London, George Hodgson, akabuni bia yenye kileo kingi na uchungu mwingi ili iweze kuihimili bahari. Kisa hiki ni kitamu, tena ni chepesi kukumbukwa. Ila yake ni kwamba kumbukumbu za biashara za zama hizo hazikikubali.

Mkaazi wa pwani anayelijua tembo la mnazi hahitaji kuelezwa tatizo lenyewe: kilichogemwa alfajiri kikifika magharibi kimeshachachuka. Wapika bia wa Ulaya walipata kinga yao katika hopsi, yaani maua ya kijani yenye umbo la koni ndogo, ya mmea utambaao juu ya kamba na miti. Ndani ya maua hayo mna unga wa manjano wenye utomvu. Utomvu huo ukichemshwa hutoa uchungu, na uchungu huzuia vijidudu vya uchachu. Elimu hiyo haikuwa siri ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1760 wapika bia wa Uingereza walikwisha kushauriwa kwamba bia iendayo nchi za joto izidishiwe hopsi. Kadhalika, katika majumba ya mabwana wa mashamba kulikuwa na bia ya Oktoba, kali na ya rangi nyepesi, iliyowekwa ghalani hata miaka miwili kabla ya kunywewa. Hodgson aliikuta bia hiyo, hakuibuni.

Alichokuwa nacho Hodgson ni mahali na subira. Kiwanda chake alikianzisha mwaka 1752 huko Bow, mashariki ya London, kando ya mto Lea, mwendo mfupi kutoka Blackwall zilikotia nanga meli za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Manahodha na maofisa wa meli hizo waliruhusiwa kubeba bidhaa zao wenyewe ili wakauze Calcutta, Madras na Bombay: nyama za kukausha, jibini, kofia, vyombo vya kioo, mvinyo na bia. Hodgson aliwakopesha mapipa, na aliweza kungoja malipo hata miezi 18, mpaka nahodha aende, auze, na arudi. Mwenye kiwanda jirani na mkopo mrefu hakuhitaji ubunifu wa ajabu ili apate wateja.

Kazi iliyobaki ilifanywa na bahari. Meli ilishuka Atlantiki, ikapita joto la ikweta, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema katika baridi, kisha ikaingia joto tena. Wengi wa manahodha hao walipitia mlango wa bahari wa Msumbiji, wakatua Nzwani katika visiwa vya Ngazija kuteka maji na kununua matunda na nyama, halafu wakashika njia ya Bara Hindi kwa upepo wa kusi. Muda wote huo, kiasi cha miezi minne hadi sita, mapipa yalikuwa yakitikisika ngamani, na ndani yake hamira iliendelea kufanya kazi polepole. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen, mtaalamu wa maabara ya Carlsberg huko Denmark, alieleza aina ya hamira iliyohusika na kuiva kwa bia za Kiingereza zilizowekwa muda mrefu, akaipa jina la Brettanomyces. Bia iliyohitaji miaka miwili katika ghala la baridi, baharini iliiva kwa nusu mwaka au chini yake. Pipa lilipofunguliwa Calcutta, kilichomiminika kilikuwa angavu, kikavu na chenye kuchangamka. Waliokinywa walimsifu Hodgson, ilhali sehemu kubwa ya sifa hiyo ilistahiki njia.

Waliokinywa ni akina nani? Kisa kinachopendwa humtaja askari mwenye kiu. Askari wa kawaida, hata hivyo, alipewa araki, na wakubwa wake walipoona jinsi araki ilivyowamaliza watu ndipo ikasisitizwa bia badala yake. Bia hiyo ya askari aghalabu ilikuwa porter, bia nyeusi ya London. Nayo ilivuka bahari ile ile, katika joto lile lile, ikafika salama. Jambo ambalo peke yake latosha kuuvunja msingi wa kisa. Bia nyepesi ya Hodgson ilikuwa ya maofisa, ya makarani wa Kampuni na ya wafanyabiashara. Katika nyumba zao alikuwamo mtumishi aliyeitwa abdar, mwenyeji wa nchi, ambaye kazi yake ilikuwa kupoza vinywaji kwa maji yaliyotiwa shura. Bila ya mkono wake, bia hiyo ingenyweka ikiwa vuguvugu. Kisa kinamtaja mpika bia, kinamtaja askari ambaye hakuwamo, na kinamsahau abdar aliyekuwamo.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Warithi wa Hodgson hawakutia maji katika bia, bali walitia tamaa katika biashara. Mnamo mwaka 1821 waliamua kuwapita manahodha na kusafirisha mapipa wenyewe, wakapandisha bei, wakafuta mikopo. Kampuni haikuwasamehe. Mkurugenzi wake mmoja, Campbell Marjoribanks, alimwendea Samuel Allsopp, mpika bia wa Burton upon Trent, mji ambao soko lake la Urusi lilikuwa limefungwa na ushuru mpya. Inasimuliwa kwamba mpishi mkuu wa Allsopp, Job Goodhead, alifanya jaribio la kwanza ndani ya buli la chai. Liwe kweli buli hilo au pambo la wasimulizi, haikuchukua muda bia ya Burton ikawa njiani kwenda Bara Hindi, na Bass akafuata nyuma ya Allsopp.

Burton ilikuwa na kitu ambacho London haikuwa nacho. Maji ya visima vyake hupita katika tabaka za jasi, na madini hayo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkali na mkavu, usiokwama kooni. Hodgson alizidiwa. Hata jina lenyewe ni la zama hizo za ushindani: kuonekana kwake kwa mwanzo kunakojulikana katika maandishi ni kwenye tangazo la gazeti la Sydney la mwaka 1829, miaka 77 baada ya kiwanda cha Bow kuanza. Reli ilipofika Burton mwaka 1839, bia ya Bara Hindi ikawa pia ya mijini Uingereza. Pembetatu nyekundu ya Bass ilisajiliwa mwaka 1876 kuwa alama ya biashara ya kwanza nchini humo, na mwaka 1882 Édouard Manet aliichora juu ya chupa katika picha yake ya baa ya Folies-Bergère.

Kisha methali ikatimia kwa maana yake halisi. Kodi ya Uingereza ilipimwa kwa uzito wa maji ya kimea kabla hayajachacha, hivyo kila tone la nguvu lilikuwa na gharama. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilileta uhaba wa nafaka na amri za kupunguza ukali. Katikati ya karne ya 20, bia nyingi zilizobeba jina la IPA katika mabaa ya Kiingereza hazikufika asilimia 4 za kileo. Jina lilibaki ubaoni. Tembo lilikuwa limeshatiwa maji.

Uchungu ulirudi kutoka upande mwingine wa Atlantiki. Mwaka 1972 wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa kwa wakulima aina ya hopsi iitwayo Cascade, iliyokuzwa Oregon, yenye harufu ya balungi ambayo hopsi za Ulaya hazikuwa nayo. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kiliitumia katika Liberty Ale mwaka 1975. Mwaka 1983 Bert Grant alipika bia aliyoiita IPA huko Yakima, katikati ya mashamba ya hopsi ya jimbo la Washington. Na mwaka 1994, katika kiwanda kidogo cha Blind Pig huko Temecula, California, Vinnie Cilurzo alizidisha hopsi takriban mara mbili. Mwenyewe amepata kueleza kwamba vyombo vyake vilikuwa vibovu, akataka uchungu ufunike kasoro yoyote itakayojitokeza. Cilurzo huyo ndiye aliyeipika baadaye Pliny the Elder, akaipa jina la mwanachuoni wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 katika mlipuko wa Vesuvius, ambaye katika maandishi yake umetajwa mmea ambao wengi waliukisia kuwa ni hopsi.

Hapo ndipo glasi ya California inapoachana na pipa la Calcutta. Harufu ya balungi na msonobari hutokana na mafuta mepesi ya hopsi, ambayo hutoroka na kupooza kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo lebo ya chupa humhimiza mnywaji asiihifadhi, bali ainywe ingali mpya. Bia iliyopata heshima yake kwa kungoja, ikasafiri nusu ya dunia ili iive, leo huharibiwa na kungoja. Mwenye glasi hiyo anayeambiwa kwamba anakunywa walichokunywa watu wa Kampuni, anaambiwa jambo lisilokuwa. Ofisa wa Calcutta asingeitambua harufu ile, na huenda angeirudisha kwa abdar wake akiuliza ni dawa gani.

Kilichovuka salama ni jina na uchungu. Vyote viwili vimebeba zaidi ya mtu mmoja: mkulima wa hopsi, nahodha mwenye deni, wenyeji wa Nzwani waliouza maji na matunda, visima vya jasi vya Burton, na mkono uliokoroga shura katika nyumba ya mgeni. Mgema hapaswi kunyimwa sifa yake. Ila akisifiwa peke yake, hata historia hutiwa maji.