Kirangozi, treni na akili unde

Hebu tuanzie Ntalikwa, kata iliyomo katika Manispaa ya Tabora. Miaka 150 iliyopita nchi hii ya Unyamwezi ilikuwa kitovu cha misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, kisha ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Historia hiyo inasaidia kujibu swali ambalo sisi tunaoandika programu tunaulizana kila siku: kama akili unde inaandika msimbo, ufundi wetu unabaki wapi?

Wengi wakisikia "mpagazi" wanafikiria mtu wa mabavu tu. Si kweli. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye desturi zao na heshima ya kazi yao. Mzigo mmoja ulifika kama kilo 30: pembe, vitambaa au shanga. Safari ilichukua miezi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora Novemba.

Mbele ya msafara alikuwepo kirangozi. Huyu ndiye aliyejua maji yako wapi, mtemi yupi anadai hongo, pori lipi livukwe haraka na siku gani watu wapumzike. Kubeba ni kazi moja, kuijua njia ni nyingine.

Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na 1914 ikafika Kigoma. Treni ilibeba kwa muda mfupi kilichohitaji mamia ya mabega, hilo halina ubishi. Lakini treni huenda pale tu reli ilipotandazwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, majeshi ya pande zote yalirudi kwa wapagazi, maelfu kwa maelfu, safari hii wengi wakilazimishwa.

Akili unde naiona hivyo hivyo. Imejifunza kutokana na msimbo na maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Palipopitwa na wengi, reli ipo: fomu ya kujisajili, kupanga orodha, kuunganisha programu na hifadhidata. Ipe kazi ya lugha ya Kinyamwezi, au mfumo wa ghala la ushirika wa tumbaku wenye utaratibu wake, reli inaisha. Na tofauti na treni, yenyewe haisimami hapo. Inaendelea kwa kujiamini kule kule.

Tanzania tulishalipia somo la namna hii. Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilitegemea sana wataalamu wa nje, ikaishia kwenye hasara, na mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku. Kwa maoni yangu dawa ilikuwa kali mno, maana iliwanyima vijana wa wakati ule nafasi ya kujifunza. Ila ugonjwa ulikuwa wa kweli: mashine ilikuwa yetu, ujuzi haukuwa wetu.

Kwa hiyo mimi sisemi tuikatae. Ibebe mzigo. Lakini kabla ya kuupokea msimbo wake, uweze kueleza kila sehemu inafanya nini, uujaribu kwa data mbovu, ujue utaharibikia wapi.

Linabaki jambo moja gumu. Kirangozi hakuzaliwa kirangozi. Alitoka miongoni mwa wapagazi wazoefu, na njia aliijua kwa sababu aliipita mara nyingi akiwa na mzigo begani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiachia mashine kila mzigo, miaka kumi ijayo nani atakuwa na uwezo wa kuikagua? Ndiyo maana nashauri walimu wetu waache baadhi ya mazoezi yafanywe kwa mkono, bila msaada wowote. Yatachosha, lakini ndiyo njia yenyewe ya kuijua njia.