UZI: "Lemon law" ni nini, na kwa nini Kenya hatuna?

Kila msimu wa siasa swali hili linarudi. Mtu amelipa mamilioni kwa gari kubwa, gari linalala gereji kuliko linavyolala nyumbani, na jukwaani mmoja anaahidi kuleta sheria mpya huku mwenzake akisema sheria zipo tele. Hatutaji majina wala vyama, mnajua utaratibu wa hapa. Tuangalie historia, kwa sababu wote wawili wana nusu ya ukweli.

Wamarekani huliita limau gari jipya lenye ugonjwa usiopona. (Sisi limau tunalitia kwenye chai na hatuna ugomvi nalo.) Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilipitisha sheria iliyoweka hesabu: kasoro ileile ikitengenezwa mara nne bila kupona, au gari likikaa gereji jumla ya siku 30 katika kipindi cha mwanzo, basi kampuni imepata nafasi ya kutosha. Ikupe gari lingine au irudishe pesa. Majimbo mengine yote yakafuata. Nguvu ya sheria ile iko kwenye hesabu. Huhitaji kumshawishi jaji kwamba umechoka, unahesabu tu risiti za gereji.

Sasa kwetu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1931, ikiwa imefuata ile ya Uingereza ya 1893. Wakati huo mkulima Mwafrika wa Meru na Embu alikuwa hata hajaruhusiwa kupanda kahawa. Ruhusa ya majaribio ilikuja miaka michache baadaye. Kwa hiyo mnunuzi aliyekuwa akilini mwa waandishi hakuwa babu yako wa Runyenjes.

Sheria hiyo inasema bidhaa ukiinunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, lazima iwe na ubora wa kuuzika, na iifae kazi uliyomwambia muuzaji. Vizuri sana. Lakini ina mianya, na cha ajabu ni kwamba mianya hiyo imepimwa Uingereza kwa magari ya kifahari.

Mwaka 1925 iliripotiwa kesi ya mtu aliyetaka gari la starehe kwa safari za matembezi. Akauziwa Bugatti, likawa halina starehe yoyote. Muuzaji akajitetea kwamba jamaa alitaja Bugatti kwa jina, na sheria ilisema ukinunua kwa jina la biashara, hakuna ahadi kwamba litakufaa. Mahakama ikakataa: aliyetegemea ushauri wa muuzaji hapotezi haki kwa kutaja jina tu. Mwaka 1965 ikaja Jaguar ya mtumba. Mnunuzi aliambiwa klachi ina shida, bei ikateremshwa, kisha ukarabati ukagharimu kuliko alivyotarajia. Huyu akashindwa. Gari la mtumba, ilisemwa, si lazima liwe kamili, mradi linatembea vizuri.

Halafu 1987 ziliripotiwa kesi mbili ambazo wakili yeyote wa magari anazijua. Range Rover mpya ilisumbua miezi sita, imetembea zaidi ya maili 5,000, na Mahakama ya Rufaa ikamruhusu mwenyewe kuikataa, maana anayelipa bei ya Range Rover halipii kufika tu, analipia starehe na fahari pia. Isitoshe, waranti ya kampuni haipunguzi haki zako. Kwenye kesi ya pili, Nissan mpya ilikufa injini baada ya maili kama 140, ndani ya wiki tatu. Jaji akasema muda wa kuikataa umepita! Mwenye gari akabaki na fidia tu. Miezi sita sawa, wiki tatu umechelewa. Hiyo ndiyo maana ya kuishi bila hesabu.

Waingereza waliiona aibu hiyo. Kile kipengele cha jina la biashara wakakifuta 1973, na Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 ikawapa siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu. Sisi nakala yetu bado ina kipengele kile, na bado inasema "muda wa kutosha". Kutosha kwa nani, haisemi.

Hatukulala kabisa, tuwe wa haki. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, Namba 46 ya 2012, inasema haki zake haziondolewi kwa makubaliano, kwa hiyo ile "mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye risiti isikutishe. Ina hata sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Lakini mara ngapi gereji ndipo uwe umepewa limau? Kimya.

Na hapa Meru na Embu limau letu mara nyingi ni la mtumba. Gari lisizidi miaka minane, likaguliwe kabla ya kuletwa, sawa. Ukaguzi huo haukuahidi wewe lolote. Ukinunua yadi, Sura ya 31 iko nawe. Ukinunua kwa mwalimu jirani ambaye si mfanyabiashara wa magari, ile ahadi ya ubora haipo. Na mkopo wa benki unaendelea gari likiwa juu ya jeki, kwa sababu benki haikukuuzia gari. Mwenye pikapu ya miraa Maua anapoteza mapato kila siku. Mwenye breki mbovu, kumbukeni kati ya Meru na Embu kuna mteremko wa daraja la Nithi.

Jambo ambalo wanasiasa hawalitaji wakizozana kuhusu magari ya kaunti: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kamati ya ukaguzi na upokeaji. Kamati ikishatia sahihi kwamba gari limepokelewa, haki ya kulikataa inakuwa ngumu sana, inabaki fidia. Kwa hiyo mkisikia Prado ya umma imekufa mapema, ulizeni karatasi ya upokeaji ilisainiwa lini, na gari lilijaribiwa wapi.

Mwananchi naye ana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani 2021, kesi iishe ndani ya siku 60. Kikomo ni shilingi milioni moja. Probox chakavu inaingia hapo. Prado haiingii.